Epoksi hupasuka bila kuguswa: kipi kweli, kipi si kweli kuhusu mkazo wa ndani na chembe za mpira

Kipande cha epoksi kilichomiminwa kuzunguka nati ya chuma kinaweza kukaa rafuni siku kadhaa bila kuguswa na mtu, kisha kikapasuka. Hakikuanguka, hakikugongwa, hakikubebeshwa mzigo. Nguvu iliyokipasua ilikuwemo ndani yake tangu kilipotoka kwenye tanuri. Wahandisi huiita mkazo wa ndani, na ndiyo adui wa kila anayemimina vihami vya umeme, anayegandisha alumini kwa gundi, au anayefunika chipu za kompyuta kwa plastiki nyeusi.

Kwa zaidi ya miaka hamsini, mojawapo ya dawa zake imekuwa kutia ndani ya resini chembe ndogo sana za polima laini, aghalabu mpira. Dawa hiyo ni nzuri, tena naithamini sana, lakini imezungukwa na maneno mengi yasiyopimwa. Hapa nayachukua yale yanayopotosha zaidi, moja baada ya jingine.

“Epoksi haisinyai inapoganda.”

Si kweli. Husinyaa, ila kidogo kuliko jamaa zake. Resini ya poliesta, ambayo mafundi wa fiberglasi huitumia kwa mashua na matangi, hupoteza kati ya asilimia 5 na 10 ya ujazo wake. Epoksi ya kawaida hupoteza asilimia 3 hadi 5 hivi. Tofauti hiyo ilisaidia sana kuijengea jina. Katika miaka ya 1930 Mswisi Pierre Castan, aliyefanya kazi katika kampuni ya vifaa vya meno ya De Trey, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno bandia. Alichokipata kilichukuliwa na kampuni ya Ciba, na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kikauzwa kama gundi kwa jina la Araldite.

Kusinyaa kwa asilimia 4 ya ujazo ni sawa na asilimia 1.3 hivi ya urefu. Usiidharau namba hiyo: epoksi ngumu ikivutwa hukatika kabla haijarefuka kwa asilimia chache tu.

“Mkazo wote unatokana na kusinyaa huko kwa kuganda.”

Si kweli, na hili ndilo kosa ninalolipigia kelele kuliko yote, kwa sababu humfanya mtu atafute dawa mahali pasipo na ugonjwa.

Resini inapoanza kuganda bado ni kimiminika. Ikisinyaa, hutiririka na kujipanga upya, na hakuna kinachovutana na kingine. Mkazo huanza kujengeka baada ya molekuli kushikana kiasi cha kufanya wavu mmoja usioweza kutiririka tena. Kwa epoksi yenye ncha mbili, iliyochanganywa kwa uwiano sahihi na kigumishi cha amini chenye hidrojeni nne, nadharia ya Paul Flory na Walter Stockmayer inaonyesha kwamba wavu huo hutokea pale asilimia 58 hivi ya ncha zinapokuwa zimeshafungwa. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya kusinyaa hupita bila madhara. Hata kile kinachobaki, kikitokea tanurini wakati wavu ungali laini kama mpira, huzaa nguvu ndogo, kwa kuwa ukakamavu wa epoksi katika hali hiyo ni kama sehemu moja kwa mia ya ule wa epoksi iliyopoa.

Shida yenyewe huja wakati wa kupoa. Kila epoksi ina halijoto ambayo chini yake huacha kuwa kama mpira na kuwa kioo kigumu. Hapa nitaiita kiwango cha kioo. Ikishuka chini ya hapo, inaendelea kusinyaa kwa sababu ya baridi, lakini sasa ni ngumu na imeshikamana na kitu kingine ambacho hakisinyai kama yenyewe. Ngozi ya ngoma hukaza kwa sababu hiyo hiyo: kingo zake zimewambwa kabla haijakauka. Ingeachwa huru ingejikunja tu, wala isingetoa sauti. Mwaka 1981 watafiti wa Kijapani Shimbo, Ochi na Shigeta walichapisha vipimo vilivyoonyesha jambo hilo wazi: sehemu kubwa ya mkazo wa ndani wa epoksi huzaliwa na kusinyaa kwa kupoa chini ya kiwango cha kioo, na kuganda kwenyewe kuna mchango mdogo.

Hesabu yake ni fupi. Epoksi ngumu hubadilika urefu kwa sehemu 60 hivi katika milioni kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Alumini hubadilika kwa 23, chuma kwa 12, na chipu ya kompyuta kwa 3 hivi. Tuseme resini imegandishwa kwenye nyuzi 150 juu ya chipu, kiwango chake cha kioo kiko hapo au juu zaidi, na imepoa hadi nyuzi 25. Tofauti ya 57 ukiizidisha kwa nyuzi 125 inatoa asilimia 0.7. Ukakamavu wa epoksi ni gigapaskali 3 hivi. Zidisha, kisha kumbuka kwamba resini inavutwa pande mbili kwa pamoja, na utapata mkazo wa megapaskali 33 hivi. Epoksi nzuri hukatika kati ya megapaskali 60 na 80. Yaani karibu nusu ya nguvu yake imeshatumika kabla kifaa hakijawashwa hata mara moja, na pembeni, penye kona kali, mkazo huwa mkubwa zaidi ya huo.

“Tia chembe za mpira, mkazo utashuka.”

Ni nusu kweli, na hapa naomba msomaji avumilie, maana ndipo penye kiini cha jambo lote.

Hoja ya kawaida ni hii: mkazo ni zao la vitu vitatu, yaani ukakamavu wa resini, tofauti ya kutanuka kati yake na kile ilichoshikamana nacho, na idadi ya nyuzi ilizopoa. Mpira ni laini. Ukitia asilimia 10 ya mpira kwa ujazo, ukakamavu wa mchanganyiko unashuka kwa asilimia 17 hivi. Kwa hiyo mkazo nao utashuka kwa asilimia 17. Vipeperushi vingi vya mauzo huishia hapo.

Kinachosahaulika ni kwamba mpira hutanuka na kusinyaa kwa joto mara tatu au nne zaidi ya epoksi. Tena, ingawa ni rahisi kuunyoosha, ni vigumu kuubana au kuutanua pande zote kwa pamoja, hivyo unaposinyaa ndani ya epoksi iliyoushika vizuri, huivuta epoksi pamoja nao. Kwa fomula za kawaida za mchanganyiko wa namna hii, asilimia 10 ya mpira uliobanwa vizuri huipandisha ile 60 hadi 73 hivi. Sasa rudia hesabu. Juu ya chipu, tofauti ilikuwa 57 na imekuwa 70, ukakamavu ulikuwa gigapaskali 3 na umekuwa 2.5. Zao lake halikushuka. Juu ya alumini hali ni mbaya zaidi: tofauti ya 37 inakuwa 50, na mkazo unapanda kwa zaidi ya asilimia 10. Aliyetia mpira ili agandishe bamba za alumini kwa usalama ameongeza kile alichotaka kukipunguza.

Mbona basi wapo waliopima na kukuta mkazo umeshuka kweli? Kwa sababu chembe halisi hufanya mambo ambayo hesabu hiyo ya unyumbukaji haiyahesabu.

La kwanza linahusu mpira wa majimaji. Aina iliyotumiwa zaidi imetengenezwa kwa butadieni na akrilonitraili, na ncha zake zina tindikali ili ziungane na epoksi. Huyeyuka kabisa ndani ya resini mbichi, kisha resini inapoanza kuganda mpira hujitenga wenyewe na kuwa vitone vya ukubwa wa sehemu ya mikromita hadi mikromita chache. Lakini haujitengi wote. Kiasi fulani hubaki kimeyeyuka ndani ya epoksi, na kiasi hicho hukishusha kiwango cha kioo. Kikishuka, nyuzi za kupoa katika hali ya ukakamavu hupungua, na mkazo hupungua. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila umeilipia kwa uwezo wa kustahimili joto. Kifaa kitakachofanya kazi karibu na injini hakiwezi kulipa bei hiyo.

La pili ni zuri zaidi, na mimi hulipenda. Mchanganyiko unapopoa, mpira ulioko ndani ya kila kitone hutaka kusinyaa kuliko nafasi uliyopewa. Unavutwa pande zote. Ukivutwa vya kutosha, hufunguka katikati na kuacha uwazi mdogo, au hubanduka kwenye ukuta wa epoksi. Kuanzia hapo hauivuti tena epoksi. Mtanuko wa joto unarudi kuwa wa epoksi yenyewe, ile 60, huku ukakamavu ukibaki chini. Hapo ndipo punguzo la asilimia 15 hadi 20 lililoahidiwa linapopatikana.

La tatu ni kulegea kwa muda. Kuzunguka kila chembe laini, epoksi hubeba mzigo mkubwa kidogo kuliko kwingineko, na ikiwa bado ina joto la kutosha huachia sehemu ya mkazo wake polepole. Ndiyo maana kupoza taratibu kupitia kiwango cha kioo husaidia.

Kwa sababu ya udhaifu wa mpira wa majimaji, watengenezaji waligeukia chembe zilizotengenezwa kabisa kabla hazijaingia kwenye resini. Hutengenezwa ndani ya maji, kwa njia ile ile inayotoa rangi za maji za ukutani: kwanza kiini laini cha akrilati, butadieni au silikoni, kisha ganda gumu jembamba, aghalabu la akriliki, linalopatana na epoksi. Kipenyo chake mara nyingi ni kati ya mikromita 0.1 na 0.3. Ukubwa na idadi yake vimeamuliwa kiwandani, havitegemei kasi ya kuganda, na kwa kuwa hakuna kinachoyeyuka, kiwango cha kioo cha epoksi hubaki karibu pale pale kilipokuwa. Katika miaka ya 1980 Yoshinobu Nakamura, Masayoshi Okubo na wenzao nchini Japani walichunguza chembe za aina hiyo zenye kiini cha akrilati na ganda lililopewa vikundi vya kuungana na resini, wakipima mkazo wa ndani moja kwa moja badala ya kuukisia. Wakati ulikuwa mwafaka: chipu zilikuwa zinazidi kuwa kubwa, na kifuniko cha epoksi kilikuwa kinazipasua.

Kiini nacho kina mpaka wake wa baridi. Polima ya butili akrilati huacha kuwa mpira kwenye nyuzi 50 hivi chini ya sifuri. Butadieni huvumilia hadi 80 au zaidi chini ya sifuri, na silikoni hadi 120 hivi. Kifaa cha ndegeni kinachoshuka hadi nyuzi 55 chini ya sifuri, kikiwa na chembe za akrilati, kitafika kwenye baridi kali zaidi wakati chembe zake zimekuwa vijiwe. Muulize muuzaji swali hilo kabla ya bei.

“Kulainisha resini nzima ni rahisi zaidi kuliko kutia chembe.”

Kwa urahisi ni kweli, kwa matokeo si kweli. Ukitumia kigumishi chenye minyororo mirefu au kilainishi kilichoyeyuka, mkazo utashuka sana, pengine hata kuisha, kwa sababu resini haiwi kioo kamili kwenye joto la kawaida. Lakini itatambaa polepole chini ya mzigo, italegea mchana wa jua kali, na kemikali zitaipenya kwa urahisi. Kwa kujaza kisanduku cha vifaa vya umeme visivyobeba uzito, njia hiyo inafaa kabisa. Kwa kiungo kinachobeba uzito haifai.

“Mkazo ukishuka, ushupavu unapanda, ni kitu kimoja.”

Si kweli. Mkazo ni mzigo uliomo ndani. Ushupavu ni uwezo wa resini kuuzuia ufa usikimbie. Chembe zinaweza kubadili kimoja na kukiacha kingine, na ukweli ni kwamba umaarufu wa mpira ndani ya epoksi ulianzia kwenye ushupavu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kundi la Frederick McGarry katika taasisi ya MIT, Marekani, lilitumia mpira wa majimaji wa kampuni ya B.F. Goodrich na kuonyesha kwamba asilimia chache tu zilitosha kubadilisha tabia ya epoksi. Nishati ya kupasua epoksi tupu ni kama joule 100 hadi 250 kwa mita ya mraba. Ikitiwa mpira vizuri inaweza kupita 1,000.

Watu wengi hudhani mpira hushika kingo za ufa zisiachane. Huo ni mchango mdogo. Kazi kubwa hufanywa na epoksi yenyewe: chembe zilizo mbele ya ufa hufunguka ndani, na epoksi iliyo kati yake, ikiwa haikubanwa tena pande zote, huteleza na kunyooka kabla ya kukatika, ikimeza nishati nyingi. Katika miaka ya 1990 Reza Bagheri na Raymond Pearson wa Chuo Kikuu cha Lehigh walitia vipira vya plastiki vyenye uwazi ndani, visivyo na mpira wowote, na wakapata ushupavu unaokaribiana na ule wa mpira. Uwazi wa ukubwa unaofaa, uliosambaa sawasawa, ndio unaofanya kazi. Kwa hiyo dai jingine linaanguka papo hapo, lile la kwamba chembe ni lazima zishikane na resini kwa nguvu zote: zishikane kiasi cha kutosambaratika mapema na kutogandamana zenyewe kwa zenyewe, inatosha.

Tazama sasa jinsi mkazo na ushupavu vinavyokutana kwenye kifaa. Turudi kwenye ile resini yenye mkazo wa megapaskali 33. Ikiwa ni epoksi tupu ya kawaida, kiputo au mkwaruzo wenye kina cha milimita 0.14 hivi kinatosha kuuanzisha ufa utakaokimbia. Hiyo ni kasoro ambayo jicho haliioni kwa urahisi, na fundi yeyote anayemimina resini ameiacha mara nyingi. Ukiupandisha ushupavu kwa mpira hadi nishati ya kupasua iwe mara tisa ya awali, huku mkazo ukibaki ule ule, kasoro inayohitajika inafika milimita 1.3 hivi. Hiyo unaiona, na unaweza kukikataa kifaa kabla hakijatoka kiwandani. Kwa maoni yangu huu ndio msaada mkubwa kuliko wote unaotokana na chembe za mpira: mara nyingi kifaa hakipasuki, ingawa mkazo haukushuka sana. Anayetangaza kwamba “tumepunguza mkazo” kwa sababu tu vifaa vyake vimeacha kupasuka amechanganya mambo mawili.

Na tahadhari moja: epoksi zenye wavu wa kubana sana, zile zinazostahimili joto kubwa, hufaidika kidogo tu. Epoksi yenyewe ikiwa haina uwezo wa kuteleza, chembe hazina cha kuamsha.

“Unga wa matairi makuukuu hufanya kazi hiyo hiyo.”

Si kweli. Chembe za tairi lililosagwa huwa na ukubwa wa makumi au mamia ya mikromita, mara mamia zaidi ya zile za kiwandani, na umbo lake limechanika ovyo. Nyingi hufanya kazi ya kasoro badala ya kinga. Kutafuta matumizi ya matairi ni jambo jema. Kihami cha umeme si mahali pake.

“Unga wa silika hupunguza mkazo kwa bei nafuu, mpira hauhitajiki.”

Kuna ukweli ndani yake, lakini hesabu ya mpira inajirudia upande wa pili. Silika, ambayo kimsingi ni mchanga safi ulioyeyushwa, hutanuka kwa 0.5 tu katika milioni. Plastiki nyeusi inayofunika chipu inaweza kuwa na silika hadi karibu asilimia 90 ya uzito wake. Mtanuko wake unashuka hadi 10 hivi, karibu na ule wa chipu. Ndipo ukakamavu unapopanda kutoka gigapaskali 3 hadi 20 au zaidi. Zidisha: tofauti ya 7 kwa 20 ni 140, mwanzoni ilikuwa 57 kwa 3, yaani 171. Kazi yote hiyo kwa punguzo la chini ya moja ya tano.

Ndiyo maana watengenezaji wa plastiki hizo hawakuchagua kimoja kati ya viwili. Silika hushughulikia mtanuko, mpira wa silikoni au chembe zenye kiini laini hushughulikia ukakamavu, na silika hutengenezwa kwa umbo la duara ili ncha kali zisichome uso wa chipu. Simu iliyo mfukoni mwako imejaa vifuniko vya mchanganyiko wa namna hiyo.

“Chembe za polima ziko kwenye ndege tunazopanda.”

Kweli, ila kwa kazi nyingine. Boeing 787, ambayo Ethiopian, Kenya Airways na Air Tanzania zote huirusha, imejengwa kwa karibu asilimia 50 ya uzito wake kwa nyuzi za kaboni na resini. Malighafi kuu hutoka kampuni ya Toray ya Japani, na kati ya tabaka za nyuzi kuna chembe za plastiki zilizowekwa makusudi. Hazikuwekwa ili kuushusha mkazo wa kupoa. Zimewekwa ili jiwe likiruka kutoka njiani, au kifaa kikimponyoka fundi na kuangukia bawa, tabaka zisiachane kimyakimya mahali ambapo jicho halifiki. Tunarudi kwenye ushupavu.

“Ukiwa na chembe, namna ya kumimina haijalishi.”

Si kweli hata kidogo. Siku hizi meza za mbao zenye mto wa epoksi katikati zimeenea, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, na makosa yake yanaonekana vizuri kwa kuwa resini inapitisha mwanga. Epoksi inapoganda hutoa joto la joule 400 hivi kwa kila gramu. Joto hilo lisipopata pa kutokea, linatosha kuipandisha resini kwa nyuzi 200. Ukimimina unene wa sentimita 5 kwa mara moja kwa resini isiyotengenezwa kwa unene huo, katikati hugandia kwenye joto kali huku pembeni pakiwa pamepoa. Katikati ikipoa baadaye, inavuta. Hakuna asilimia ya mpira itakayoliponya jambo hilo. Mimina tabaka nyembamba, au nunua resini inayoganda polepole iliyokusudiwa kina kirefu. Kausha mbao vizuri kwanza, kwa kuwa mbao nayo husinyaa kwa kukauka na kuuongezea mzigo mkazo uliokwisha kuwepo.

Wala usiongeze kigumishi ili “ishike haraka.” Mazoea hayo yametoka kwenye poliesta, ambako kichocheo ni asilimia moja au mbili na kinaweza kupunguzwa au kuongezwa kidogo. Katika epoksi kigumishi ni nusu ya wavu wenyewe. Kikizidi, ncha zake hubaki zikining'inia bila mwenzi, na wavu unakuwa dhaifu.

“Mkazo wa ndani haupimiki bila maabara kubwa.”

Si kweli, na hili naliandika kwa ajili ya walimu wa vyuo vya ufundi na kwa kila mwenye karakana. Mwaka 1909 Mwayalandi George Gerald Stoney alionyesha kwamba utando ulioshikamana na bamba jembamba hulipinda, na kwamba kiasi cha kupinda kinaeleza mkazo uliomo. Mwaka 1925 Stephen Timoshenko aliandika fomula kamili ya tepe mbili za vitu tofauti zilizogandishwa pamoja na kubadilishwa joto. Njia hiyo bado inatumika leo.

Chukua utepe wa chuma wa unene wa milimita 0.2 na urefu wa sentimita 15. Paka upande mmoja epoksi ya unene huo huo, igandishe tanurini kwenye nyuzi 100, kisha iache ipoe hadi nyuzi 25. Kwa epoksi tupu yenye kiwango cha kioo kinachofika nyuzi 100, fomula ya Timoshenko inatabiri kwamba katikati ya utepe patainuka kwa milimita 7 hivi. Rula inatosha kupima. Fanya mwingine kwa resini yenye chembe, unene ule ule, tanuri lile lile, mwendo ule ule wa kupoa. Kama umepinda sawasawa na wa kwanza, chembe hazikuupunguza mkazo, hata kama zimeongeza ushupavu. Kama umenyooka zaidi, upashe joto tena uone unaanza kunyooka kabisa kwenye nyuzi ngapi, na hapo utajua iwapo nafuu hiyo imenunuliwa kwa kushusha kiwango cha kioo.

Kisha fanya jaribio la pili, la nati ya chuma yenye kona kali iliyozamishwa ndani ya resini, na uipoze hatua kwa hatua hadi ufa uonekane. La kwanza linapima mkazo, la pili linapima iwapo resini inauvumilia. Yafanyeni yote mawili, andikeni namba zake, na msinunue resini yoyote inayoitwa ya “mkazo mdogo” kabla muuzaji hajawapa ukakamavu wake, mtanuko wake wa joto, kiwango chake cha kioo na ushupavu wake, vyote vinne kwa maandishi.